MSHUBIRI WA ISIOLO: DAWA YA NGOZI, SI KINYWAJI

Mtu atokaye mjini Isiolo na kushika njia ya kaskazini, akiisha kupita Ngare Mara na kuelekea Archers Post, huona pande zote mbili za barabara nchi iliyo kame: migunga, vichaka vya miiba, mawe na vumbi. Katika nchi hiyo mna mmea mmoja usiojali ukame. Baina ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa mwaka 2022 mvua za majira matano mfululizo zilipungua kupita kiasi, ng'ombe wakafa kwa wingi, hata ngamia wakadhoofika. Lakini mmea huo ulisimama pale pale, majani yake yamejaa maji, ukatoa maua kana kwamba hapana lililotokea. Huo ni mshubiri.

Watu wa Isiolo wote wana jina lake. Waborana huuita hargesa, Wasamburu husema sukuroi, kwa Waturkana ni echuchuka, na kwa Wasomali ni dacar, herufi ya c ikisomwa kama ain ya Kiarabu. Mkamba aliyehamia mjini atakuambia kiluma. Sisi tusemao Kiswahili tuliazima jina letu kwa Waarabu, na katika lugha yao neno la mmea huu na neno la subira yana mzizi mmoja. Aliyepata kuonja utomvu wake hatauliza kwa nini.

Mmea wenye majina mengi hivi ni mmea wenye kazi nyingi, na hapo ndipo taabu ianzapo. Mmoja asema ni dawa ya kuungua, wa pili asema ni ya homa, wa tatu ya tumbo, wa nne ya bandama, wa tano ya kuku. Baadhi ya maneno haya ni kweli tupu, na baadhi yake yamezika watoto. Kwa hiyo yafaa msomaji aujue mmea wenyewe kwa alama zake, kisha aijue sehemu yake ifaayo, maana katika jani moja la mshubiri mna vitu viwili visivyofanana hata kidogo.

JINSI YA KUUTAMBUA

Mshubiri ulio mwingi katika sehemu zetu ni ule ambao wataalamu wa mimea huuita Aloe secundiflora, jina lililotolewa na Mjerumani Adolf Engler mwaka 1895. Maana ya jina hilo ni mmea ambao maua yake yamegeukia upande mmoja, na kwa hakika hiyo ndiyo alama iliyo bora kupita zote. Bua la maua hupanda juu futi tatu hadi tano, kisha hugawanyika matawi kadhaa. Matawi hayo hulala ubavu kama mikono iliyonyoshwa, na maua yote hujipanga upande wa juu wa tawi, mfano wa ndege waliotua juu ya waya wa simu. Rangi yake ni wekundu uliofifia, na ukilisogeza ua karibu na jicho utaona vitone vyeupe vidogo sana.

Chini, mmea hauna shina, au una shina fupi tu. Majani yake yapata ishirini, nayo yamepangana kwa duara. Kila jani lina urefu wa futi moja hadi mbili na zaidi. Ni nene penye kitako, jembamba nchani, na rangi yake ni kijani kisichong'aa. Kingoni mna meno magumu ya rangi ya kahawia yanayoweza kuchana mkono wa mtu asiyejihadhari. Mche mchanga una madoa meupe juu ya majani, na madoa hayo hupotea ukikua. Ndiyo sababu watu wengine hudhani kuwa mtoto na mama ni mimea miwili mbalimbali.

Tena kata jani. Jani la mshubiri hukatika upesi bila nyuzi, na mara hutiririka utomvu wa manjano ulio mchungu mno, ambao ukikauka juu ya kanzu huacha doa lisilosikia sabuni. Ukikata jani ukaona nyuzi ngumu, basi umekata mkonge, au ile katani ya mwituni isiyo na meno. Ukiona maziwa meupe, hiyo ni jamii ya mtupa. Liache, ukanawe mikono vizuri kabla ya kujigusa usoni, kwa maana maziwa hayo yakiingia machoni huleta madhara makubwa.

Lakini si kila mshubiri ulio na utomvu ni mshubiri mwema, na jambo hili wajuao ni wachache. Katika nchi ya kaskazini, kuelekea Ethiopia na Somalia, kuna aina iitwayo Aloe ruspoliana, yenye maua ya manjano yaliyosongamana nchani mwa matawi. Wafugaji waliijua tangu zamani kwa kazi nyingine: waliitia katika nyama ili kuua fisi. Kusini mwa Kenya, na ng'ambo ya mpaka katika Tanzania, kuna nyingine ndefu kama mti iitwayo Aloe ballyi, kwa heshima ya Peter Bally, Mswisi aliyefanya kazi ya mimea katika Makumbusho ya Coryndon mjini Nairobi. Wataalamu walipozichunguza aina hizi mbili waliona ndani yake sumu ya ukoo mmoja na ile ambayo mwanafalsafa Socrates alinyweshwa huko Athens mwaka 399 kabla ya Kristo. Sumu hiyo hulegeza viungo, hatimaye huzuia pumzi.

Alama iliyosifika ya Aloe ballyi ni harufu: jani lake likikatwa hunuka kama panya, hata Wazungu wakauita mshubiri wa panya. Basi jani lolote linukalo hivyo litupwe. Walakini mimi sitaki mtu aitegemee pua peke yake. Asiyeyaona maua mekundu yaliyogeukia upande wa juu wa tawi, asikate. Na angojee majira ya maua, hata kama shingo yake imeungua na jua leo hii.

MAJI MAWILI KATIKA JANI MOJA

Sasa tufike katika kiini cha habari. Chukua jani pana, ulikate kwa kisu penye kitako, ulitazame. Chini kidogo ya ngozi ya kijani utaona utomvu wa manjano ukichuruzika. Katikati mna ute mweupe unaopenyeza nuru, laini kama ute wa yai. Vitu hivi viwili hutoka katika mmea mmoja kama vile asali na mwiba vitokavyo kwa nyuki mmoja.

Ule utomvu wa manjano ndio shubiri yenyewe. Ukichemshwa mpaka ukawa mzito, kisha ukapoa, huwa gundi ngumu yenye weusi. Gundi ya namna hiyo ilikuwa biashara ya kisiwa cha Socotra kwa karne nyingi, na majahazi yaliipeleka mbali kuuzwa iwe dawa ya kuendesha tumbo. Kitu kifanyacho kazi ndani yake huitwa aloini. Kikiingia katika utumbo mkubwa huuchokoza, nao hutoa maji. Ndipo mtu huharisha na kusokotwa. Mimi mwenyewe nilipokuwa mtoto nilinyweshwa dawa hiyo na bibi yangu, Mungu amrehemu, kwa kuwa nilikataa kula. Siku ya tatu nilikula kila nilichopewa, lakini si kwa sababu nilikuwa nimepona ugonjwa wowote.

Katika aina yetu ya Isiolo utomvu wa manjano ni mwingi. Kwa hiyo mtu asiuchukue mshubiri wa porini kana kwamba ndio ule wa kupandwa, Aloe vera, ambao picha yake huonekana juu ya chupa madukani. Na hata huo wa chupa una habari zake. Mwaka 2002 serikali ya Marekani iliiondoa shubiri katika orodha ya dawa za kuendesha tumbo ziuzwazo bila cheti cha daktari, kwa kuwa waliozitengeneza hawakuleta ushahidi wa kutosha kwamba haina madhara. Baadaye Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, katika kitabu chake cha mwaka 2016, liliutia mchuzi wa jani zima la Aloe vera katika daraja la vitu viwezavyo kuleta saratani kwa binadamu. Angalieni neno hilo: jani zima, yaani lililopondwa pamoja na utomvu wake wa manjano. Nasi huku ndivyo tupondavyo.

Hatari iliyo karibu zaidi, hata hivyo, si saratani. Siku moja nilizungumza na mama wa Kiborana auzaye maziwa ya ngamia mjini Isiolo. Nikamwuliza, "Mama, mtoto akishikwa na homa, mwampa hargesa?"

Akajibu, "Mwanangu, zamani tulimpa. Akiharisha tukasema, sasa homa yatoka."

"Na ilitoka?"

Akanitazama kitambo. "Kwa wengine homa ilitoka. Wengine walitoka wao."

Maneno hayo yatosha, lakini sababu yake yafaa ielezwe. Mtoto mwenye homa kali amekwisha kupoteza maji kwa jasho na kwa kutapika. Ukimpa kitu cha kumharisha unamtoa maji yaliyobaki, pamoja na zile chumvi za mwili ambazo moyo wauhitaji msaada wake ili upige sawasawa. Wadudu wa malaria wamo ndani ya damu, si tumboni. Hata mtoto aharishe siku nzima hawatatoka kwa njia hiyo. Malaria hupimwa kwa tone la damu na kutibiwa kwa dawa mseto, na saa zinazopotea katika kuchemsha majani ni saa zile zile ambazo mtoto angekuwa njiani kwenda zahanati. Najua vema kwamba kwa mtu akaaye ng'ambo ya Merti neno "zahanati" laweza kuwa na maana ya safari ndefu. Ndiyo sababu zaidi ya kuianza mapema.

Tena kuna homa nyingine, ya polepole, ambayo humkondesha mtu na kuvimbisha bandama. Wazee wengi hutoa shubiri kwa ajili ya bandama, wakiamini kuwa uchungu wake utaipunguza. Uvimbe huo waweza kuwa ni kala-azar, maradhi yaletwayo na usubi mdogo wa mchangani, nayo yamepata kuzuka katika Isiolo, Wajir na Marsabit. Kala-azar isipotibiwa, mara nyingi huua. Haiponi kwa kitu kichungu. Huponywa kwa sindano na dawa za hospitali. Mtu aliye na homa ya majuma mawili na tumbo la kushoto limejaa chini ya mbavu asipewe kitu cha kunywa nyumbani, apelekwe.

Mwanamke mja mzito asiinywe kabisa, kwa maana yaweza kusukuma tumbo la uzazi kabla ya wakati. Mwenye maradhi ya figo vile vile. Na kuhusu ile desturi ya kumwachisha mtoto ziwa kwa kupaka shubiri kwenye chuchu, ambayo yajulikana toka pwani mpaka bara, tusiwalaumu akina mama waliolelewa hivyo. Lakini mtoto huyo hunyonya aloini ile ile, na mwili wake ni mdogo. Ndimu yatosha kumkunjisha uso.

KUTUMIA UTE

Sasa upande wa heri. Ule ute wa katikati, ukiisha kutengwa na utomvu, hutuliza ngozi iliyochomwa na jua, iliyobabuka kidogo kwa moto wa jiko, au iliyokauka na kupasuka kwa upepo wa Julai. Watu wa nchi nyingi wamefanya hivyo tangu kale, na hospitali nazo zimejaribu ute wa Aloe vera juu ya majeraha madogo ya moto na kuona kuwa wasaidia kupona. Ute wa mshubiri wetu ni kidogo kuliko ule, kwa kuwa jani letu ni gumu zaidi, lakini kwa mkono mmoja ulioungua latosha.

Chagua jani la nje lililokomaa, usiguse yale ya moyoni. Likate kwa kisu safi karibu na kitako, ukalisimamishe ndani ya kopo, upande uliokatwa ukiwa chini, utomvu wa manjano uchuruzike. Watu wengi huharibu kazi hapa kwa haraka. Liache nusu saa, au hata lisidondoshe tena. Kisha lioshe kwa maji safi, ukate kingo zenye meno, umenye ngozi ya kijani pande zote mbili pamoja na ule utando wa manjano ulio chini yake, uoshe tena. Kilichobaki mkononi mwako kiwe cheupe. Kikiwa na rangi ya manjano bado hujamaliza.

Kwanza paka kidogo ndani ya mkono, ungoje mpaka kesho yake. Ngozi ya wengine huwasha na kutoka vipele. Pasipo na neno, paka penye kidonda chepesi mara mbili au tatu kwa siku, kila mara ukikata jani jipya, maana ute uliolala usiku hugeuka na kuoza. Na kabla ya ute wowote, mtu aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa muda wa dakika ishirini. Maji ni adimu kwetu, nalijua hilo, lakini hakuna jani lifanyalo kazi ya maji hayo. Jeraha la moto lililo kubwa kuliko kiganja cha mgonjwa, au lililo usoni, au lililoingia ndani hata nyama ikawa nyeupe, lisipakwe kitu. Lifunikwe kwa kitambaa safi na mgonjwa apelekwe hospitali. Kuumwa na nyoka au na mbwa pia si kazi ya mshubiri.

HABARI ZA KUKU

Wafugaji wa kuku katika sehemu nyingi za Kenya hukatakata majani haya na kuyatia katika maji ya kunywa wakati kideri kikivuma. Mtu aweza kucheka, lakini wataalamu hawakucheka. Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya majaribio juu ya Aloe secundiflora hii hii: kuku walionyweshwa maji yake kabla ya kuambukizwa kideri walikufa wachache kuliko wasionyweshwa. Wachache, si kwamba hawakufa. Chanjo ya kideri ingali ndiyo kinga, nayo haigharimu fedha nyingi kwa kila kuku. Bwana mifugo atakuambia siku ya kuchanja. Mwenye kuku kumi aliyekosa chanjo na akasikia ugonjwa uko kijiji cha pili, huyo ana haki ya kujaribu majani.

SHERIA NA UPANZI

Kwa miaka mingi wachuuzi walipita katika nchi za wafugaji wakinunua utomvu uliochemshwa, na mishubiri ikang'olewa kwa wingi hata mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi akapiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini. Biashara haikufa, ila ilikwenda gizani, na mvunaji akazidi kupunjwa kwa kuwa hakuwa na pa kulalamika. Mwaka 2007 serikali ilitoa kanuni za kuvuna kwa leseni na kwa mpango maalumu. Tena mishubiri yote, isipokuwa Aloe vera, imo katika mkataba wa mataifa juu ya mimea na wanyama walio hatarini, uitwao CITES. Kuipeleka nje bila kibali ni kosa. Jani moja la kupaka mkono ulioungua ni jambo jingine kabisa na mapipa ya utomvu, lakini mtu atakaye kuuza na aanze kwa kupanda shambani mwake, kama walivyofanya akina mama wa Il Polei huko Laikipia.

Kuna faida nyingine ya kupanda ambayo mimi naiona kubwa kuliko ya dawa. Mifugo hawaupendi mshubiri kwa uchungu wake, kwa hiyo huota hata pale ambapo nyasi zimekwisha kuliwa na udongo umekuwa mtupu kama sakafu. Uchunguzi uliofanywa Laikipia na kutangazwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa mbegu za nyasi zilizo karibu na mshubiri humea na kustawi kupita zile zilizo peupe, kwa kuwa mmea huo huzipa kivuli, huzuia udongo usichukuliwe na maji, na huziepusha na midomo ya mbuzi. Mtu mwenye boma lililozungukwa na udongo mtupu aweza kuanza na safu moja tu upande wa mteremko.

Miche mingi hutokana na mbegu, ingawa mara nyingine mmea hutoa machipukizi ubavuni. Panda mwanzoni mwa mvua, mwezi wa Machi au wa Oktoba, hatua moja baina ya mche na mche, mahali pasipotuama maji, kwa kuwa kitu kiuacho mshubiri upesi ni maji mengi mizizini. Usiukate kabla haujatoa maua yake ya kwanza. Hapo ndipo utakapojua kwa hakika ulichopanda. Kisha usichukue zaidi ya majani mawili au matatu ya nje kwa mara moja. Kidonda cha jani hujifunga chenyewe kwa utomvu wake, na mmea huendelea.

Na yule mwenye mzinga auweke karibu na safu hiyo, maana maua ya mshubiri hufunguka hata wakati wa kiangazi, miti mingine ikiwa haina kitu, na tangu asubuhi utaona nyuki na ndege chozi wakigombania tawi moja.